Kuchagua bisibisi za kurekebishia saketi: mwongozo kamili kwa fundi wa nyumbani Nairobi

Ukinunua moduli yoyote ndogo Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki, iwe ya kupunguza volti, ya kupima unyevu wa udongo au ya kuendesha mota, huenda ukaikuta na kisanduku cha buluu chenye skrubu ndogo ya rangi ya dhahabu. Skrubu hiyo ndiyo inayoiweka moduli sawa. Watu wengi huigeuza kwa chochote kilicho karibu: tesita ya stima, bisibisi ya kufungulia simu, hata ncha ya kisu. Mfuo wa skrubu, yaani ule mkato wa kichwani unaopokea ncha, unaliwa, au ncha inateleza ikagusa miguu miwili ya jirani, na cheche moja inamaliza kazi ya jioni nzima. Kwenye redio madhara ni ya kimyakimya zaidi. Unarekebisha mpaka stesheni inasikika safi, unaondoa bisibisi, na stesheni inapotea.

Kifaa cha kurekebishia huwa sehemu ya saketi muda wote kinapoigusa. Chuma chake, unene wa ncha yake na mkono ulioshika mpini vyote vinaingia kwenye hesabu. Kwa hiyo tuanze na saketi yenyewe, kisha mfuo wa skrubu, halafu ndipo twende dukani.

Hatua ya 1: Tambua unachozungusha

Vinavyorekebishwa ni vya aina tatu.

Ya kwanza ni poti, yaani rizista inayobadilika ukiizungusha. Kile kisanduku cha buluu mara nyingi ni cha muundo unaojulikana kwa namba ya Bourns, 3296, na skrubu yake huzunguka mara 25 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ikifika mwisho haikwami. Kuna klachi ndani inayoteleza, na ukitega sikio utasikia mlio mdogo wa tik. Namba iliyochapwa ubavuni ni thamani yake: 103 ni kilo-omu 10, 502 ni kilo-omu 5, 104 ni kilo-omu 100. Poti za mzunguko mmoja ni tofauti. Mfano ni zile mbili za rangi ya chungwa kwenye kihisi mwendo cha HC-SR501, moja ya umbali na nyingine ya muda wa kuwaka. Hizo hazimalizi hata duara moja, na mwisho wake ni ukuta. Aliyezoea ile ya mizunguko 25 huzivunja upesi kwa sababu mkono wake unatarajia skrubu iendelee.

Ya pili ni kapasita ya kurekebishwa, ambayo mafundi huiita trima. Ndani yake kuna sahani inayozunguka juu ya nyingine. Nyingi hazina mwisho. Thamani inapanda, inashuka, inapanda tena kila unapozungusha. Utaikuta kwenye redio na kwenye saketi nyingine za masafa ya juu.

Ya tatu ni kiini cha feraiti, kitu cheusi chenye tabia ya sumaku, kilicho ndani ya koili. Kwenye redio za AM za transista ni vile visanduku vya bati vya mraba, vya milimita 10 au 7, vilivyopakwa rangi juu. Mara nyingi nyekundu ni osileta, na njano, nyeupe na nyeusi ni hatua za 455 kHz, masafa ya kati ambayo redio hugeuzia kila stesheni kabla ya kuikuza. Feraiti ni ngumu lakini hupasuka kama kigae. Ukiingiza ncha nyembamba ya chuma na kulazimisha, kiini kinagawanyika vipande viwili vinavyobanana ndani ya uzi wa skrubu, na hapo huna budi kutafuta kisanduku kizima kingine.

Hatua ya 2: Pima mfuo kabla ya kununua ncha

Ncha nzuri inajaza mfuo bila kusukumwa. Unene wake uwe karibu sawa na upana wa mfuo, na upana wake usizidi kipenyo cha kichwa cha skrubu. Ncha nyembamba mno hushika kwenye kona mbili tu, na kona hizo ndizo zinazoliwa. Ncha pana mno hukwangua ukuta wa poti, na mkono wako unadhani skrubu ni ngumu kumbe ni plastiki inayozuia.

Kama una kaliba ya kidijitali, kazi ni ya dakika moja. Kama huna, panda hadi Kirinyaga Road, kwa wauza vipuri vya magari, uulize fila geji. Ni bapa za chuma ambazo mekanika hupimia mwanya wa plagi na valvu, na kila moja imeandikwa unene wake: 0.40, 0.45, 0.50 mm na kuendelea. Zima saketi, kisha jaribu bapa moja baada ya nyingine kwenye skrubu iliyochomoza mpaka upate inayoingia bila kucheza. Mfuo wa poti ya mizunguko 25 utaukuta kwenye takriban nusu milimita. Kwa mfuo uliozama ndani ya shimo bapa hizi ni pana mno, hivyo itabidi ujaribu ncha zenyewe dukani, ukiwa umebeba kipuri.

Kuna kipimo kingine ambacho tayari unacho mfukoni. Kadi ya ATM ina unene wa 0.76 mm, kipimo ambacho ni kimoja dunia nzima. Kona ya kadi ikiingia kwenye mfuo, mfuo huo ni mpana kuliko hapo. Ikikataa, tafuta ncha nyembamba zaidi. Si kipimo cha maabara, lakini kinakuepusha kununua ncha ya milimita moja kwa kazi ya nusu milimita.

Kama kichwa kina mfuo wa msalaba, una uhuru zaidi. Bisibisi ya nyota ya saizi ndogo, PH00 au PH000, hukaa vizuri, na bapa yenye upana sahihi pia hufanya kazi.

Hatua ya 3: Chagua malighafi ya ncha

Watu wengi hutazama ukubwa peke yake, lakini tofauti kubwa iko kwenye malighafi.

Bisibisi ya chuma, ile ya fundi saa yenye kifuniko kinachozunguka juu ya mpini, ina ncha nyembamba isiyopinda. Kwa poti iliyo kwenye saketi ya DC, mbali na stima ya ukutani, inatosha kabisa. Ila chuma kinapitisha umeme, na bisibisi nyingi za simu zimetiwa sumaku makusudi ili zishike skrubu. Sumaku hiyo inasumbua unaporekebisha kitu chenye dira au kihisi cha sumaku: unapata namba nzuri bisibisi ikiwa karibu, na namba nyingine ukiiweka kando.

Kwenye koili chuma ni kibaya zaidi. Chuma kikikaribia koili, uindukishaji wake (inductance, uwezo wa koili wa kuhifadhi nishati kwa sumaku) kwa kawaida hupanda na masafa yanashuka. Shaba ya manjano, ile ya kufuli na makomeo, hufanya kinyume: uindukishaji unashuka, masafa yanapanda. Mafundi wa redio waliigeuza tabia hii kuwa kipimo. Chukua kijiti cha plastiki, gandisha kipande cha feraiti upande mmoja na kipande cha shaba ya manjano upande wa pili. Sogeza upande wa feraiti ndani ya koili. Sauti ikiimarika, koili inahitaji kuongezwa. Ikiimarika kwa upande wa shaba, inahitaji kupunguzwa. Isipoimarika kwa upande wowote, iko sawa na hupaswi kuigusa. Unapata jibu bila kuzungusha skrubu hata moja, na kwa redio ya zamani ambayo viini vyake vimegandishwa na nta, kijiti hicho kina thamani kubwa.

Halafu kuna mkono wako. Mwili wa mtu ni sahani ya kapasita, na bisibisi ya chuma ni waya unaoupeleka mpaka ndani ya saketi. Fanya hesabu. Chukua saketi ya koili na kapasita iliyowekwa 98.4 MHz, masafa ya Capital FM hapa Nairobi, yenye kapasita za jumla ya 20 pF (pikofaradi). Mkono na bisibisi vikiongeza nusu pF tu, thamani ya kapasita imepanda kwa asilimia 2.5. Masafa hubadilika kwa takriban nusu ya asilimia hiyo, kwa hiyo yanashuka kwa karibu 1.2 MHz, hadi 97.2. Umeshaipita Radio Jambo kwenye 97.5. Hivyo unaporekebisha kwa bisibisi ya chuma, unaiweka sawa saketi pamoja na mkono wako, na ukiuondoa mkono hakuna tena kilichowekwa sawa.

Plastiki ndiyo dawa ya hilo. Nailoni na asetali hazipitishi umeme, hazina sumaku, na ni laini kuliko feraiti, kwa hiyo ukikosea nguvu, ncha ndiyo inayoumia na kiini kinabaki salama. Kasoro yake ni kwamba ncha huviringika baada ya muda na kuanza kuteleza. Kata na uinoe upya kwa tupa, au itupe.

Kuna pia za mchanganyiko, mwili wa plastiki na ncha fupi ya chuma iliyozama ndani yake. H-90 ya Bourns ilitengenezwa hivyo kwa ajili ya poti. Kwa anayefanya kazi na moduli za Arduino, zile bodi ndogo za kujifunzia elektroniki, peke yake, hii ni chaguo zuri kuliko zote, maana chuma kinachoweza kugusa kitu cha jirani ni kidogo mno.

Kauri ndiyo ghali. Ncha zake hutengenezwa kwa zikonia, kitu kigumu kisichopitisha umeme wala kuvutwa na sumaku, na hushika mfuo vizuri kama chuma. Lakini haipindi, inakatika. Ikianguka kwenye sakafu ya terazo, au ukiitumia kubandulia kitu, umeipoteza. Usiiweke kwenye droo moja na koleo.

Kuwa mwangalifu na plastiki nyeusi. Vifaa vingi vya kuzuia umeme tuli vimechanganywa na kaboni ili vipitishe umeme kidogo, na nyuzi za kaboni zenyewe hupitisha umeme vizuri. Vinafaa kwa kushikia vipuri. Kwa trima ya redio havifai.

Hatua ya 4: Oanisha kifaa na kazi

Moduli ya LM2596 ya kupunguza volti ndiyo kazi ya kwanza ya wengi. Tumia bisibisi ya mchanganyiko au ya chuma yenye ncha nyembamba. Unganisha mita kwenye sehemu ya kutoa, usiunganishe mzigo wowote, halafu zungusha. Moduli mpya inaweza kukubali mizunguko mingi bila volti kubadilika, na hapo watu hudhani ni mbovu. Endelea kwa upande uleule mpaka mita ianze kusogea; ukisikia tik na volti bado imesimama, rudi upande wa pili. Unganisha ESP32, yaani bodi ya kompyuta ndogo yenye WiFi, baada ya kuona 3.3 V ambayo haiyumbi, kwa sababu chipu hiyo haivumilii zaidi ya 3.6 V.

Kiendeshi cha mota cha A4988 kinahitaji uangalifu zaidi. Poti yake ni ndogo mno, na kichwa chake cha chuma kimeungwa na volti ya rejea yenyewe, yaani ile inayoamua mkondo wa mota. Ncha ya chuma ikiteleza hapo inaweza kuunganisha miguu isiyopaswa kukutana, na kiendeshi kinakufa papo hapo. Kauri ndiyo chaguo langu hapa bila kusita. Mkondo wa mota ni volti ya rejea ikigawanywa kwa mara nane ya rizista ya kuhisi. Tazama zile rizista mbili zilizo kando ya chipu: zikiandikwa R100, yaani omu 0.1, basi 0.8 V inakupa ampea 1. Zungusha kidogo kabisa, ondoa bisibisi, pima, rudia.

Sasa stima. Pawasapulai za 12 V za kamera na taa za LED, zile za bati lenye matundu, zina poti ndogo iliyoandikwa V ADJ karibu na skrubu za kufungia nyaya. Skrubu mbili kati ya hizo zina 240 V. Ndani, baada ya kugeuzwa DC, volti hufika karibu 340, na kapasita kubwa huendelea kuishika hata baada ya kuchomoa plagi. Ncha isiyopitisha umeme ni lazima hapa. Hata hivyo kijiti cha plastiki cha kurekebishia si kifaa kilichothibitishwa kwa stima. Vilivyothibitishwa hupigwa alama ya 1000 V na namba ya IEC 60900, na vingi ni vinene mno kwa poti. Funika zile skrubu za stima kwa kifuniko chake, weka mkono mmoja mbali, zungusha kidogo, pima kwa mita. Kama kifuniko kimepotea, zima na uchomoe plagi kila unapotaka kuzungusha.

Kwa redio: plastiki peke yake, ncha pana inayojaza mfuo wa kiini, na mpini mrefu ili mkono ukae mbali na koili.

Hatua ya 5: Kununua

Usinunue seti ya vipande 32 kwa sababu kisanduku kinapendeza. Vingi ndani yake ni ncha za simu: nyota ya pembe tano, pembe tatu, torx. Mwanzoni unahitaji vifaa vitatu tu: bisibisi moja ya fundi saa yenye ncha ya bapa, kipakiti cha vijiti vya plastiki vya redio na TV, na moja ya kauri utakapoanza kugusa viendeshi vya mota.

Luthuli ukiomba bisibisi ndogo utaletewa ya simu. Sema, "Bosi, nataka ile ya plastiki ya kurekebisha koili za redio," na uonyeshe kipuri ulichobeba. Maduka ya vipuri vya TV na redio huwa na vijiti hivi kuliko maduka ya simu, na wazee wanaotengeneza redio kwenye ngazi na vichochoro vya River Road wanajua nani bado anaviuza.

Kabla ya kulipa, kagua ncha kwenye mwanga. Kingo zake ziwe zimenyooka, na zisiwe na mabaki ya plastiki yaliyobaki pale kalibu ilipofungana. Zungusha mpini kati ya vidole: ncha ikiyumba kando, iache. Ile inayoitwa ya kauri, isogezee sumaku ndogo na uiguse kwa mita upande wa kupima ukinzani. Ikivutwa au mita ikionyesha namba yoyote, hiyo si kauri. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Hatua ya 6: Kujitengenezea

Usipopata saizi yako, tengeneza. Kitu kizuri kuliko vyote ni kipande cha bodi ya saketi ya faiba isiyo na shaba. Kata ukanda wa upana wa milimita 4 na urefu wa sentimita 12, kisha uulaze kwenye msasa laini uliowekwa juu ya kioo na usugue ncha pande zote mbili sawasawa. Kila baada ya kusugua kidogo, jaribu kwenye mfuo. Unatafuta ile hali ambapo ncha inaingia na kusimama yenyewe bila kushikwa. Vumbi la faiba ni vioo vidogo, kwa hiyo lowesha msasa kwa maji, vaa barakoa, na usifanyie mezani pa kulia.

Ile kadi kubwa ya plastiki inayobaki ukishatoa laini mpya ya simu nayo inafaa, na unene wake ni uleule wa 0.76 mm. Usikate kadi ya benki ya kugusisha, kwa sababu ina waya wa antena ndani yake na utakuwa umerudisha chuma kwenye redio. Sindano ya plastiki ya kufumia hutengeneza kijiti kirefu kizuri cha viini. Mwanzi wa mshikaki pia hufaa ukikauka, lakini hunywa unyevu, kwa hiyo upake rangi ya kucha isiyo na rangi na uuache ukauke.

Hatua ya 7: Zungusha kwa adabu

Kabla ya kugusa chochote, piga picha ya mfuo ulivyoelekea, au chora alama ya kalamu. Kwenye poti ya mizunguko mingi hesabu mizunguko na uandike. Poti za aina ya 3296 zimekadiriwa kudumu safari 200 hivi za kwenda na kurudi, kwa hiyo hazikukusudiwa kuchezewa kila siku kama kitufe cha sauti.

Shika kifaa kwa vidole viwili na kidole gumba, wima kabisa, na uache uzito wake wenyewe uishike skrubu. Kiini cha feraiti kikikataa, usiongeze nguvu. Huenda kimegandishwa na nta. Ipashe moto taratibu kwa kikausha nywele kutoka mbali, kisha jaribu tena. Kwenye redio, zungusha robo, ondoa kifaa na mkono, sikiliza, ndipo uzungushe tena. Kwenye trima ya kapasita, ukiweza kuchagua, upande unaozunguka uungwe na graundi, na hapo hata kifaa kibaya kitasumbua kidogo.

Ukiridhika, funga. Tone la rangi ya kucha kati ya skrubu na mwili wa poti linatosha, na siku ukitaka kurekebisha tena utalikwangua. Paka ukingoni tu. Ikiingia ndani ya poti ya wazi itafunika njia ya kaboni. Kwa kiini cha feraiti tumia tone la nta ya mshumaa badala yake, kwa sababu rangi ya kucha ikishakauka kwenye uzi wa kiini, atakayekifungua baadaye atakipasua.